Zita, Usimtumie Tena Mdogo Wako Darubini

Nyuma ya Boma la Wajerumani,
S.L.P. 74,
BIHARAMULO.

14 Septemba 2025

Mpendwa mwanangu Zita,

Pokea marahaba yangu kabla hata hujasema shikamoo, maana najua utaisema na mimi sina subira. Habari za huko Norwe? Habari za baridi, na za kuuguza wazee wa watu wakati wazee wako huku tunajiuguza wenyewe? Mkwe wetu hajambo? Jina lake bado linanivunja ulimi. Nikimwombea namwita Mkwe tu, na Mungu anamjua.

Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mama yako mdogo Marsiana analalamikia goti, lakini goti hilohilo linampeleka sokoni kila asubuhi na kumrudisha na habari za mji mzima. Mvua imeanza kunusanusa, watu wanasafisha mashamba ya maharage. Mbuzi wako yule uliyeniachia alizaa, fisi akamla mwanawe. Pole.

Barua hii naandika kwa mkono wangu, kisha Jovitha, wifi yako, ataipiga picha akutumie kwenye simu. Kukupigia sitaki. Kwenye simu unasema "sawa Baba mdogo, sawa Baba mdogo," halafu unafanya ulilokuwa umepanga. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Kama kuna herufi zimelala chini au zimesimama kichwa chini, utanisamehe. Mimi niliishia darasa la nne; mwalimu alihamishwa, nikaona si adabu kubaki bila yeye.

Haya, sasa nikueleze kinachonichoma. Mwanangu, ninakuomba kwa jina la marehemu kaka yangu, baba yako: usimtumie tena mdogo wako Idefonsi darubini, wala kamba ya darubini, wala kitambaa cha kufutia darubini. Jovitha ameniambia kwamba mumewe huyo ameshakuandikia anataka kitu kingine cha bunduki. Kabla hujaingia dukani, nisome kwanza hadi mwisho.

Ulikuwa umeshaondoka wakati jambo hili lilipoanza, kwa hiyo nitakueleza. Nilipostaafu uaskari wa wanyamapori, sisi wachache wenye bunduki za leseni hapa wilayani tulianzisha chama cha kulenga shabaha ya mbali. Hatumuui mtu wala mnyama. Tunalala kifudifudi kama watoto wanaokataa kuamka, tunapiga ubao uliosimama mita mia sita, polisi akiwa nyuma yetu anahakikisha hakuna mwenda wazimu. Kila mwezi wa nane tunashindana na watu wa Ngara. Mwaka huu ni kwao, mwaka ujao ni kwetu.

Kuna makundi mawili. Kundi moja ni la darubini, ambao wana zawadi yao ndogo na wanapeana wenyewe. Kundi la pili ndilo lenye heshima, tunaliita chuma tupu: unachungulia tundu la nyuma la bunduki, unaweka ncha ya mbele chini ya duara jeusi, basi. Hakuna kioo. Ushindi wa wilaya unahesabiwa kwa watu wanne wa chuma tupu. Mkiwa watatu, mmeshindwa kabla ya kushuka kwenye gari.

Na kushindwa kwetu si kushindwa kwa kupeana mikono. Timu iliyoshindwa inakaa kwenye mkeka, mbele ya wake wa washindi, inamenya ndizi za karamu. Wanaume wazima, Zita! Kisu mkononi, utomvu hadi kwenye viwiko. Wanawake wa Ngara wanapita wakikagua kama wanajeshi. Mwaka juzi mmoja aliinua ndizi yangu juu watu wote waione, akaniuliza, "Mzee, hii umeimenya au umeinyoa?" Mwaka jana tulishindwa hapahapa nyumbani, tukazimenya mbele ya wageni. Marsiana alipita akajifanya hanijui.

Sasa wanne wa Biharamulo ni wazee watatu na mimi. Wale watatu wanaona vizuri kupita umri wao. Mimi ndiye mbovu. Jicho langu la kulia, lile lililokuwa linaona nyani akikonyeza ng'ambo ya bonde, limeingia ukungu. Muuguzi wa hapa alilimulika akasema ni mtoto wa jicho. Nikamjibu nina watoto wa kutosha, huyu arudi alikotoka. Nikaenda nyumbani.

Lakini kichwani nilijua. Nafasi ya nne lazima mtu aichukue, na mtu huyo nilikuwa nimeshamwona. Baba yenu alipofariki, Idefonsi alifuata taratibu zote polisi, akamilikishwa ile bunduki ya marehemu kwa ajili ya nguruwe pori wanaomaliza mahindi yake. Siku moja nikamwambia, njoo ulale hapa, jaribu. Alilala bila kifaa chochote cha ziada, na shati lake la shambani, akavuta pumzi, akaiachia nusu, kama baba yake kabisa. Risasi zake zote zikaingia ndani ya duara. Mimi nilitoa machozi kidogo, nikawaambia wenzangu ni vumbi.

Hapo ndipo ulipoingia wewe na mzigo wako.

Sikatai, ulituma kwa upendo. Na mkwe alichagua kwa ujuzi wake, maana unasema huko kwao wanalenga hata kwenye theluji. Lakini mwanangu, darubini ile ni kubwa kama mchi wa kutwangia kisamvu! Aliipachika juu ya bunduki ya baba yake, ikaonekana kama mtoto aliyebeba mama yake mgongoni. Tangu siku hiyo Idefonsi si mlengaji tena. Amekuwa fundi. Leo anakaza skrubu, kesho anailegeza, kesho kutwa anabadili kitako kwa sababu shavu halikai. Risasi hafyatui. Anasema bado anaiweka sawa.

Na hayuko peke yake. Yuko Habibu, mtoto wa Bi Mwanne wa duka la vifaa vya ujenzi, wale ambao mababu zao walitoka Pwani. Kijana mzuri, ana adabu, hakosi swala. Ila amenunua kila kitu isipokuwa mazoezi. Ana kidude cha kupimia upepo chenye feni ndogo ndani, anakiinua juu, anasoma, anatingisha kichwa, kisha anakiweka mfukoni na kupiga nje. Yeye na mdogo wako wanakaa juu ya mifuko ya saruji pale dukani, simu mkononi, wanatazama Wazungu wakisifia mitutu. Wateja wa misumari wanasubiri.

Wageni wote wa chama siku hizi ni wa namna hiyo. Mtu hajajua kupumua, anakuuliza mtutu wa uzito gani unafaa. Hajalala chini hata mara moja, anaomba ushauri wa koti. Ukimwambia njoo kwanza upige na bunduki ya kuazima, anaona unamdharau. Nimechoka, Zita. Nimechoka kama mwalimu wa darasa la kwanza ambaye watoto wote wamekuja na mikoba mizuri na hakuna hata mmoja mwenye penseli.

Usidhani mimi ni adui wa vifaa vyote. Ile miguu miwili ya mbele ya kukunja ni mizuri, mkono hautetemeki. Na lile koti gumu lenye mikanda ulilolituma pamoja na darubini nimelichukua mimi, maana linanibana vizuri. Marsiana anasema nikilivaa nafanana na godoro. Mwambie mkwe asante.

Nilijaribu kusema na mdogo wako. Mwezi wa saba, saa sita mchana, jua likiwa limekaa juu ya kichwa, nilimkuta uwanjani amelala nyuma ya mchi wake, hafyatui.

"Unasubiri nini?" nikamuuliza. "Ubao uje kukusalimia?"

"Baba mdogo, duara halitulii."

Nikachungulia. Loo! Duara lilikuwa linacheza ngoma. Mvuke wa joto, yale mazigazi yanayoinuka kwenye ardhi kavu, yalikuwa yanatokota ndani ya kile kioo kama uji jikoni. Maana ukikuza ubao umekuza na joto lililo mbele yake.

"Punguza ukubwa," nikamwambia.

"Nikipunguza, basi dada alinunua kubwa ya nini?"

"Itoe kabisa. Ingia chuma tupu, uchukue nafasi yangu."

Akacheka, Zita. Mdogo wako alinicheka. "Mita mia sita kwa macho matupu ni kubahatisha, Baba mdogo."

"Baba yako alibahatisha miaka yake yote," nikamjibu, "na wale nguruwe wote walikufa kwa bahati mbaya."

Habibu naye, aliyekuwa amelala pembeni, akaingiza mdomo kwa heshima zote. "Shikamoo mzee. Lakini hata wewe ukiwa na darubini ungeona tena."

Nilimwitikia marahaba, kisha nikamwambia maneno ambayo Jovitha hataki niyaandike hapa.

Mwezi wa nane tukaenda Kasulo, kwao Ngara. Idefonsi akaja na mchi wake, Habibu na feni yake. Nahodha wa Ngara ni Sostenes wa Nyamiaga, mwanaume mwenye tumbo la kutosha kuegemeza bunduki, mdomo haupumziki. Alituona tukishuka akaita kwa sauti kwamba wanawake wanaulizia kama tumekuja na visu vyetu au tutaazima.

"Wanne wenu wa chuma tupu wako wapi?" akauliza. "Naona watatu na godoro."

Nilikuwa ndani ya lile koti lako. Nikamwambia Godoro ndiye wa nne.

Idefonsi alipiga upande wake wa darubini kwanza. Sitasema mengi, nisije nikaonekana nafurahia. Joto lilipanda, duara likaanza ngoma yake, yeye akawa anasubiri litulie, anasubiri, na muda ukaisha bunduki yake ikiwa bado na risasi ndani. Habibu alimshinda. Zita, Habibu!

Kisha zamu yetu. Wenzangu watatu walipiga vizuri kuliko walivyowahi kupiga. Mpiga hesabu akasema tukikazana kidogo tu tunawapita Ngara. Nikalala. Mbao ziko nyingi, kila moja na namba yake juu, yangu karibu na ya Sostenes. Ncha ya mbele niliiona kama mwiba ndani ya maziwa. Ule ubao niliuona kama doa. Nikavuta pumzi, nikafyatua, na mwili wangu ukaniambia, mzee, hiyo imeingia katikati.

Na kweli iliingia. Bendera ikapepea kwamba ni kiini kabisa, alama ambayo juu yake hakuna nyingine. Ila ilikuwa kwenye ubao wa Sostenes.

Sheria yetu haina huruma: risasi ni ya mwenye ubao. Mimi nikaandikiwa sifuri, yeye akapewa kiini changu. Alipoamka pale chini alikuja hadi nilipolala, akavua kofia. "Shikamoo mzee. Asante kwa mchango wako kwa wilaya ya Ngara."

Nilizipiga zilizobaki kwenye ubao wangu, nadhani. Ngara wakatushinda kwa kiini hichohicho.

Mkeka ukatandikwa. Ndizi zikamwagwa, mikungu mizima, na wale wanawake wakaja na visu wakitugawia kama askofu anavyogawa komunyo. Mimi na wenzangu watatu tukakaa. Hawakuniambia neno, na hilo ndilo lililouma. Nilikuwa nimeshaanza ya kwanza nilipoona mtu anakaa ubavuni mwangu, anakunja mikono ya shati. Idefonsi. Hakuwa wa wale wanne. Hakuna aliyemwita.

"Ondoka," nikamwambia. "Hizi ni ndizi za chuma tupu."

Akachukua kisu. Alimenya kama mwanamke wa Kihaya, ganda moja refu, hata wakaguzi wakanyamaza. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba mdogo, uliona nini pale?"

"Niliona namba."

"Namba gani?"

"Nyeusi."

Hakucheka. Akamenya nyingine. Akasema, "Mimi nina aibu kuchukua nafasi ya mtu ambaye bado anaing'ang'ania. Kila siku unaniambia chukua, chukua, na kila siku unafika uwanjani wa kwanza na kutandika mkeka wako palepale. Nitalala wapi mimi? Juu yako?"

Nilimenya kidole changu.

Ndipo akaniwekea sharti. Nikienda kutolewa ule ukungu jichoni, naye anaitoa darubini kwenye bunduki. Nisipoenda, tusisumbuane tena, kila mtu na kioo chake. Akanyoosha mkono uliojaa utomvu, nami nikaushika na wangu, tukagandana. Yule mwanamke wa mwaka juzi akapita akasema, "Hawa wawili mnaweza kuwaoza sasa."

Basi nikaenda. Kuna madaktari wa macho waliokuja kwa siku chache hapa Biharamulo, nikapanga foleni na vikongwe, nikiwatania ili nisiogope. Daktari ni binti mdogo kama binti yetu Eustakia, mwenye maneno ya taratibu. Akanieleza kwamba wanatoa kile kilichochafuka, kisha wanaweka kioo kidogo mahali pake, ndani ya jicho. Nikashtuka. Kioo! Mimi nimekwenda pale kwa sababu ya kupiga vita vioo.

Halafu akaniuliza, mzee, unataka kioo cha kuona mbali au cha kuona karibu?

Zita, nilidhani ananitania. Nikamwambia nataka cha kuona. Akasema kinaona vyema upande mmoja. Upande wa pili utasaidiwa na miwani. Nifikirie, siku nne hivi, nirudi na jibu.

Nilitoka pale kichwa kinazunguka. Mwanangu, sijalala. Nimeuliza kila mtu. Marsiana amesema karibu, maana huko mbali sina ninachodaiwa, na itakuwa vizuri nimwone anapozungumza nami. Padri amesema mbali, ila naona alikuwa anawaza mbinguni. Nilifika hadi dukani kwa Habibu, nikakaa juu ya saruji kama mjinga, akanitafutia kwenye simu Mzungu mmoja anayeeleza vioo vya macho, tukamtazama hadi adhuhuri. Ushauri wake mzuri, sikuelewa kitu.

Lakini wewe ni muuguzi na umeolewa na mlengaji, utaelewa nilichokuwa nazunguka nacho. Kwenye chuma tupu, kinachotakiwa kionekane safi ni ile ncha ya mbele. Ubao ukiwa na ukungu kidogo si kitu, ncha ikiwa na ukungu umekwisha. Ncha iko karibu, urefu wa bunduki tu. Nikichagua karibu, mwezi wa nane ujao nitalala mahali pangu, nitaiona ncha kama sindano, na Sostenes atajua Godoro ni nani. Nikichagua mbali, nitaona ubao, nitaona nyasi zinavyolala katikati ya bonde, nitaona upepo unakotoka kabla haujafika. Ila ncha sitaiona tena bila miwani, na miwani ukilala kifudifudi na jasho la mchana inateleza hadi mdomoni. Mtu wa kuona mbali ni yule anayekaa nyuma ya mlengaji na kumwambia, vuta kushoto kidogo, subiri, sasa piga. Hapigi mwenyewe.

Kwa hiyo unaona daktari alikuwa ananiuliza nini. Yule binti hakujua.

Jana Idefonsi alikuja kunitazama. Ameitoa darubini kama alivyoahidi, bunduki ya baba yake imerudi kuwa nyembamba, inapendeza. Lakini ndani ya dakika ile ile ananiambia ameona ncha mpya ya mbele ya kununua, yenye duara la rangi, inaweza kuletwa kutoka Norwe. Hicho ndicho alichokuandikia. Nilitaka kumpiga na fimbo. Ncha ya baba yake imetosha tangu kabla yeye hajazaliwa! Zita, usitume. Nakuomba. Akiizoea kwanza hiyo aliyonayo kwa mwaka mzima, na akiwa bado anaitaka, nitakuandikia mwenyewe na kuichora hapa kwa peni.

Aliniuliza pia nimechagua kioo gani. Nikamwambia bado nafikiri.

Nisalimie Mkwe, na wajukuu wangu, uwaambie waache kukua haraka, nataka kuwakuta wadogo. Marsiana anakusalimu na kuulizia lini utakuja. Jovitha na watoto hawajambo, wanakupungia mkono hapa anapoipiga picha barua. Shangazi yako Scolastica anasema umemsahau. Habibu naye ameomba nimtaje, basi nimemtaja. Mungu akulinde na barafu, akulainishie njia ya kazini na ya kurudi, na wagonjwa wako wakupe heshima ambayo mimi sikuwahi kumpa muuguzi.

Ni Alhamisi ninapasuliwa. Nimemwambia daktari: cha mbali. Jovitha ameapa hatamwambia mume wake, na wewe pia usimwambie. Mwache ahangaike kidogo.

Wako akupendaye, hata pale unaponichosha,
Baba yako mdogo,
Ansbert